Habari za Ndege Iliyoruka Kutoka Mezani Hadi Kabatini

Sogeeni, enyi mlioketi na enyi mliosimama, mlio na shughuli na mnaojifanya kuwa nazo. Zimeni redio, epueni sufuria, mfuteni mtoto kamasi kisha mumpakate, maana habari ninayoileta si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wengine wamekwisha kuwasimulia wafalme waliovuka mito na majeshi yao, na miji iliyozingirwa hata watu wake wakatafuna ngozi za viatu. Hao wote nawaachia wasimulizi wao. Mimi naja na mtu mmoja, meza moja na ndege moja ya plastiki. Na kama koo langu halitanikauka, mtaondoka hapa mkijua ya kwamba ushujaa haukufa, umehamia sebuleni tu.

Shujaa wetu alikuwa daktari wa meno. Mtaani walimwita Daktari Koleo, lakini mimi nitamwita kwa majina yanayomstahili: Mng'oa Magego, Simba wa Ganzi, Bwana wa Kioo Kidogo, yeye ambaye mbele ya kiti chake watu wazima wenye vitambi na vyeo walifumba macho na kutubu. Mikono yake haikutetemeka kamwe. Jicho lake liliona tundu la jino ambalo mwenye jino hajalihisi bado. Ila habari ya kweli haifichi kitu, basi na lisemwe hili pia: alimwogopa jogoo wa jirani, na hakuwahi kupanda ndege maishani mwake, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, hawezi kukaa ndani ya kitu kinachoendeshwa na mtu asiyemjua.

Mtu huyo ndiye aliyeazimia kuunda ndege ya vita.

Wala haikuwa ndege ya kuweka juu ya televisheni. Ilikuwa ndege ya kudondosha mabomu, ya vita vya zamani, yenye injini nne na bunduki puani, mgongoni na mkiani, iliyopunguzwa vipimo vyake vyote na bado ikabaki kubwa kuliko mtoto anayejifunza kutembea. Ilikuja vipande vipande ndani ya boksi ambalo mwenye pikipiki alilibeba mgongoni kama anahamisha mlango. Daktari akaiunganisha kwa gundi na kwa vibanio vya kazini kwake, akiziba kila ufa kama azibavyo meno, mpaka siku ndege iliposimama kwa magurudumu yake, ya kijivu, uchi wa mnyama, mabawa yakitanda kutoka ukingo huu wa meza ya kulia hadi ukingo ule.

Na hapo ndipo vita vilipoanzia, maana meza ile ilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa mkewe Daktari, Mshonaji. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa, wakabaki wao wawili, na meza ile ilikuwa ya chakula kwa muda mfupi wa kula tu; saa nyingine zote ilikuwa uwanja wake wa kazi. Juu yake alikata magauni ya maharusi, sare za shule, mashuka ya hoteli. Ndege ilipotua, Daktari alisema ni kwa siku mbili tatu tu. Mshonaji akakusanya mkasi, chaki na tepu yake, akahamia sakafuni. Siku mbili tatu zikazaa wiki, na wiki zikazaa miezi. Wakawa wanakula sahani wamezipakata mapajani, wakiitazama ndege, nayo ndege ikiwatazama kwa bunduki ya puani.

Ndipo siku moja Mshonaji akasimama mlangoni, jora la kitambaa cha zambarau begani.

"Daktari," akasema, na alipomwita mumewe kwa cheo nyumbani, ujue hali ya hewa imekwisha kuchafuka. "Nimepata kazi ya mapazia ya ukumbi. Madirisha yenyewe marefu kama ya kanisa. Jumamosi adhuhuri naitaka meza yangu."

Daktari akainuka kitini, akaweka mkono kifuani, na sauti yake ikajaa chumba.

"Ewe mwandani wa maisha yangu! Waitaka meza, au waniamuru niuvunje uwanja wa ndege? Kitazame chombo hiki kilivyo uchi! Je, shujaa hufukuzwa kambini kabla hajavaa? Niache nikivike rangi zake. Na baada ya rangi nikivike na miaka yake, kwani ndege mpya ni uongo mtupu, ndege ya kweli huonekana imechoka, imeungua, imepigwa na jua la..."

"Jumamosi," akasema Mshonaji. "Adhuhuri. Na usiniite ewe."

Basi kazi ikaanza, na kishindo chake kikasikika hata kwa majirani. Daktari alikuwa na kompresa, mashine ndogo ya kusukuma upepo, ambayo ilinguruma chini ya meza kama fahali mwenye kiungulia, ikapeleka pumzi yake kwenye bomba jembamba la kupulizia rangi. Vioo vya kabati vikatetemeka. Jogoo wa jirani akawika mchana, akidhani amechelewa. Naye Simba wa Ganzi, miwani mirefu ya kazi usoni, barakoa ya kliniki kinywani, akasonga mbele.

Kwanza akaipaka ndege nzima rangi ya fedha, ing'ae kama bati jipya. Kisha akatazama kushoto na kulia, kwa sababu hatua iliyofuata ilihitaji uvamizi.

Sikilizeni siri ya mafundi wa ndege. Ukitaka rangi ionekane imebanduka kwa uzee, hupaki ubandukaji. Unaweka kitu kinachoyeyuka katikati ya rangi ya chini na rangi ya juu, halafu unalowesha na kusugua, nayo rangi ya juu inaachia vipande vipande, na bati linachungulia. Na kitu kinachoyeyuka vizuri kuliko vyote hapa duniani ni spreyi ya nywele. Daktari hakuwa na nywele za kupulizia. Mshonaji alikuwa nazo.

Akaingia chumbani kwa kunyata, akapita kati ya chanuo na vibanio vya nywele kama mpelelezi apitaye kati ya walinzi waliolala, akaliteka kopo, akarudi nalo kifuani. Siku hiyo hiyo akalivamia jiko, akakata pembe ya sponji ya kuoshea vyombo. Kesho yake akaupora mswaki wa akiba. Katika kampeni hizo zote hakufa mtu hata mmoja, jambo ambalo wenye majeshi makubwa wangefaa kulichunguza.

"Spreyi yangu iko wapi?" Mshonaji aliuliza kutoka chumbani.

"Imekwenda vitani, mke wangu."

"Itarudi lini?"

Daktari akalitikisa kopo. Halikulia.

"Imeanguka kwa heshima," akasema.

Rangi za juu zikafuata: kijani cha majani yaliyokauka kidogo, kahawia ya udongo, mabaka yakikumbatiana mgongoni mwa ndege ili adui aitazamapo kutoka juu adhani ni shamba, na tumboni rangi ya mawingu, ili adui aliye chini adhani si kitu. Mipaka ya rangi aliiziba kwa utepe wa karatasi, akaubandua kwa taratibu ileile aliyotumia kubandua pamba kwenye fizi ya mtoto wa mwenye nyumba. Vibandiko vya namba na alama akavilowesha kwenye kisahani cha chai, akavitelezesha mahali pake kwa ncha ya brashi. Halafu akaifunika yote, ila kingo za mabawa, kwa vanishi ya kung'aa, akafungua dirisha harufu ya thina itoke, akarudi nyuma hatua moja ajitazamie enzi yake.

Kwa dirisha hilohilo akaingia nzi.

Alikuwa nzi wa kawaida, mwenye haraka zake. Akaizunguka taa, akalipima bawa la kulia kwa macho yake yote, akatua juu ya vanishi mbichi, karibu na injini ya tatu. Akataka kuondoka. Hakuweza.

"Ewe mhaini mwenye mabawa ya kuazima!" Daktari akanguruma. "Katika anga lote hili, hukuona pengine pa kutua ila hapa?"

"Mpige na kandambili," akasema Mshonaji kutoka sakafuni, pasipo kuinua macho.

"Nimpige! Nimpige juu ya bawa!"

Akawasha taa yake ya kazini, akavaa glavu. Kwa kibanio kile chembamba ambacho hukitumia kutoa mizizi iliyovunjika ndani ya ufizi, akamshika mgonjwa kiunoni. "Tulia," akamwambia, kwa mazoea tu. "Usifunge." Akavuta kidogo, akalegeza, akavuta tena. Nzi akatoka mzima, akapepesuka, akaenda zake dirishani bila neno la shukrani, kama watu wengi wanaotoka kwenye kile kiti. Mguu wake mmoja ulibaki. Daktari akaupaka kijani, na umo mpaka leo; wapendao ushahidi waende wakautazame.

Sasa ikaja kazi ya kuizeesha ndege, na hapa Mng'oa Magego alisahau kula. Akalowesha mswaki, akasugua kingo za mabawa, na rangi ikaachia, bati likachungulia kama ilivyoahidiwa. Kwa sponji akagusagusa madoa pale penye milango ya injini. Kwa rangi ya mafuta iliyozimuliwa na thina akachora michirizi ya oili, ikirudi nyuma kama inavyosukumwa na upepo. Akanyunyizia vumbi la chaki kwenye magurudumu, la rangi ya barabara ambayo haikuwahi kukanyagwa. Kila alipomaliza mahali alirudi nyuma, akafumba jicho moja, akajisemea, "Hapa imepita kwenye mvua kubwa." Au, "Hapa waliikosakosa."

Ijumaa mchana Mshonaji akasimama nyuma yake, kikombe cha chai mkononi. Akaitazama ndege kwa muda.

"Huu wote ni uchafu wa safari?"

"Safari ndefu, mke wangu! Bahari mbili na jangwa moja!"

"Mh," akasema Mshonaji. "Imetembea kuliko mimi." Akamwekea chai mahali pasipo na rangi, akarudi chini kwenye kazi yake.

Asubuhi ya Jumamosi ikapambazuka, na Daktari alikuwa amekwisha kukwangua masizi chini ya sufuria kuukuu, akayasaga kwenye kikombe cha dawa mpaka yakawa laini kama poda. Hayo ndiyo yangekuwa moshi wa injini. Akachovya brashi, akapuliza ziada, akapitisha michirizi mabawani kutoka kila bomba la moshi kwenda nyuma, mipana na myeusi mwanzoni, kisha myembamba, kisha kama pumzi tu. Mabawa yote mawili. Ilibaki vanishi ya mwisho ya kuyashika masizi yale yasitoke. Bila hiyo hata chafya ingeyahamisha.

Hapo ndipo mtu alipobisha, akija kumwita kwa niaba ya mwenye duka, ambaye shavu lake lilikuwa limevimba kama mtu aliyeficha yai. Kiapo ni kiapo. Daktari akavua miwani ya rangi, akavaa ya meno, akavuka barabara kwenda kliniki.

Na alipotoka yeye kwa mlango wa mbele, kwa mlango wa nyuma akaingia dada yake.

Dada Mkubwa alikuwa amekuja kusaidia mapazia. Ukoo mzima ulimjua kwa jambo moja: hajapata kuliona doa akaliacha lilivyo. Alipokwenda kuwaona wagonjwa, aliwafutia meza za dawa. Aliwahi kupiga deki kwenye kituo cha polisi alipokwenda kuripoti kuibiwa. Alisimama sebuleni, mkoba bado kwapani, akaiona ndege.

"Jamani! Wifi! Ndugu yangu ndiyo amekuwa hivi? Kitu kizuri namna hii anakiacha kinaota masizi?"

Mshonaji alikuwa sakafuni, amepiga magoti katikati ya zambarau iliyotanda kama ziwa, na mdomo wake umejaa pini.

"Mm!" akasema. "Mm-mm!"

"Najua, wifi yangu, hata mimi ningechoka. Wewe una kazi zako, huwezi kumfutia na michezo." Na tayari kitambaa kibichi kilikuwa mkononi mwake. Akalipitia bawa la kushoto, mara moja, kwa mkono wa mtu anayejua kufuta, kutoka injini mpaka ukingoni.

Moshi wa bahari mbili na jangwa moja ukatoweka.

Mshonaji akatema pini kiganjani. Akataka kusimama, magoti yakagoma. Akatambaa juu ya kitambaa chake mwenyewe, akashika mguu wa meza, akajivuta, akamdaka wifi yake mkono wakati unakwenda kwenye bawa la pili. Katika kuvutana huko kitu kidogo kikadondoka kutoka mkiani mwa ndege, ti, kikapotelea chini.

"Acha, wifi! Huo si uchafu!"

"Si uchafu ni nini? Tazama kitambaa!"

Mshonaji akakitazama kitambaa, kimekuwa cheusi. Akaitazama ndege. Uso wake ulikuwa wa mtu anayelazimishwa kumtetea mwizi wa kuku wake.

"Ni kazi," akasema. "Amekaa wiki nzima anaupaka huo uchafu, punje kwa punje. Mimi ndege hii naichukia, wifi, hujui ninavyoichukia. Nikiiota naota inaungua. Lakini mtu akishatia mkono wake kwenye kazi huwezi kuja ukamfutia tu."

Hapa msimulizi wenu anasita. Kwa kanuni za habari za kishujaa, aliyejitupa mbele ya adui kulinda ngome ambayo si yake ndiye angestahili sifa zote nilizozitoa pale mwanzo. Lakini sifa zimekwisha kutolewa, na mashujaa hawapendi kunyang'anywa, basi tuendelee.

Daktari akarudi, amechangamka, gego la mwenye duka limetoka lote na mizizi yake. Akaliona bawa.

Akavua miwani. Akaivaa tena.

"Nani," akasema kwa sauti ndogo, kisha sauti ikapanda: "Nani aliyeinyoa mbingu yangu? Ni mkono gani uliopita hapa ukayafuta mapigano ya miaka? Enyi injini nne, mliunguruma bure! Ewe bawa la kushoto, umezaliwa upya kwa nguvu, bila kuulizwa!"

"Nimekusafishia, ndugu yangu," akasema Dada Mkubwa, "na hata ahsante hakuna."

"Dada! Ule ulikuwa moshi!"

"Moshi nao si uchafu?"

Daktari akamgeukia mkewe, mikono juu. "Adhuhuri imekufa. Umeona mwenyewe. Naomba mpaka Jumatatu. Hapana, Jumatano, maana masizi yenyewe..."

Mshonaji alikuwa amekwisha kurudi chini, anaokota pini zake moja moja.

"Bunduki yako ya mkiani imeangukia huku," akasema. "Itafute mwenyewe. Na usinikanyagie kitambaa."

Basi Simba wa Ganzi akapiga magoti. Akaingia chini ya meza, mashavu karibu na sakafu, akitafuta bunduki ndogo kama punje ya mchele. Sakafu ilikuwa ngumu, na baridi yake ikapenya suruali. Akahama goti la kulia, likauma la kushoto. Akahama la kushoto, yakauma yote. Alikuwa hajamaliza hata kuzunguka mguu mmoja wa meza, naye tayari anahema na kushika kiuno. Mbele ya uso wake kulikuwa na mto mdogo wa kiti, umelazwa sakafuni, na katikati yake mashimo mawili yaliyobonyea, ya mviringo, ya kudumu. Mto wa kawaida wa sebuleni. Ila hakukumbuka mara ya mwisho kuuona kwenye kiti.

Kando ya mto kulikuwa na gauni la mkewe, na mkewe ndani yake, ameinama.

Akatazama magoti ya lile gauni. Rangi ya buluu ilikuwa imetoka pale katikati kabisa, nyuzi zimebaki nyeupe, wazi kama wavu. Kutoka hapo ikarudi kidogo kidogo kuelekea pembeni, bila mstari wa kuanzia wala wa kuishia. Goti moja lilikwisha kutiwa kiraka kwa ndani.

Kwanza, Mungu amsamehe, aliisifu kama fundi. Kwa sponji na mswaki wake wote hakuwahi kupata uzee wa namna ile. Alisogeza na miwani ili auone vizuri.

Halafu akaelewa anachokitazama.

"Hili gauni," akasema kutoka chini ya meza, "lilichakaa lini?"

"Lipi?"

"Hili. Hapa magotini."

Mshonaji akajitazama, kama mtu aliyeulizwa habari za kitu cha zamani. "Tangu ndege yako itue," akasema. "Umeipata bunduki?"

Alikuwa ameipata, ilikuwa imejificha kwenye pindo la lile gauni. Akaishika kiganjani, akatoka chini ya meza kinyumenyume, akajiinua kwa kushika kiti, mifupa ikilia. Dada Mkubwa akangojea hotuba, kitambaa kibichi tayari mkononi kwa lolote litakalotokea. Lakini hotuba haikuja. Daktari aliiweka bunduki ndani ya kisahani cha chai.

"Mama," akasema mwishowe, kwa sauti ya kawaida ya mtu wa nyumbani. "Nisaidie tuinyanyue."

"Sasa hivi? Si ulisema masizi hayajashika?"

"Hayajashika. Nisaidie hivyo hivyo."

Pokeeni basi habari ya safari yenyewe, enyi mliovumilia mpaka hapa, kwa maana ndege ile, iliyokuwa na madoa ya bahari mbili, ndipo kwa mara ya kwanza ilipopaa. Haikuwezekana kushikwa mgongoni wala juu ya mabawa. Ilishikwa tumboni, kwa ncha za vidole, Daktari bawa la kulia na Mshonaji bawa la kushoto, wakaivusha juu ya viti, juu ya ziwa la zambarau, kuelekea chumbani, ambako juu ya kabati la nguo palikuwa na nafasi. Katikati palikuwa na mlango. Na mlango ulikuwa mwembamba kuliko mabawa.

"Simameni!" Dada Mkubwa akapaza sauti, akiwa ametangulia chumbani na kusimama kama mwongoza ndege. "Haipiti hiyo! Ilazeni ubavu!"

"Ubavu upi, dada?"

"Wa kushoto ushuke!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa ndege! Nyie watu mna shida gani?"

Mshonaji akashusha, Daktari akapandisha, na ndege ikalala ubavu kama inavyofanya ndege ya kweli inapokata kona kukwepa risasi. Masizi yakaachia, yakaelea nyuma yao kwenye mwanga wa dirisha, moshi halisi sasa, ukatua sakafuni, na Dada Mkubwa akauma midomo asiseme kitu. Bawa la chini likaupita mlango. Injini ya kwanza ikapita. Ya pili ikagusa fremu, rafadha yake, ile feni ya mbele, ikajizungusha yenyewe, taratibu, mara moja.

"Inazunguka!" Daktari akanong'ona.

"Tembea!" akasema mkewe.

Palibaki kabati. Mtu mmoja alipaswa kupanda juu ya stuli, na hapa lazima nifichue kwamba yule ambaye majitu yalilia mbele ya kiti chake aliogopa kupanda hata kitanda kirefu. Akaitazama stuli. Stuli ilikuwa na miguu mitatu.

"Nishikie nipande mimi," akasema Mshonaji.

"Hapana," akasema Daktari. "Umeshapiga magoti vya kutosha."

Akapanda. Jasho likamtiririka mpaka masikioni, dada yake akamkumbatia miguu kwa nguvu, na Mshonaji akaisukuma ndege juu kwa mkia, polepole, mpaka magurudumu yakaugusa ubao, yakabiringika kidogo, yakasimama.

Kisha Dada Mkubwa akapiga makofi, na nadhani hakujua kwa nini.

Kwenye mkia, pale Mshonaji aliposukuma, palibaki alama ya kidole gumba chake, mistari yote wazi ndani ya masizi yaliyotua hapo. Daktari aliiona akiwa bado juu ya stuli. Siku zilizofuata aliyarudishia moshi mabawa yote mawili, akaigundisha bunduki mkiani, akapaka na ile vanishi ya mwisho. Mtu huyo, ambaye aliwahi kukwangua rangi ya bawa zima kwa sababu ya unywele mmoja, alipofika kwenye ule mkia alipaka vanishi juu ya alama ya kidole, akaiacha hapo.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Jumamosi ile adhuhuri ilipofika ilikuta meza imefutwa, na kazi hiyo hakuna aliyempokonya Dada Mkubwa, wala hakuna aliyejaribu. Kitambaa cha zambarau kikapandishwa kutoka sakafuni. Mshonaji akasimama mbele ya meza yake, mgongo umenyooka, akapitisha kiganja juu ya mbao kama mtu anayemsalimu mnyama wake aliyepotea, akapiga mstari wa chaki. Mkasi ukauma. Sauti yake juu ya meza ni nene, si kama ya sakafuni, na aliposikia hivyo alikata pima nzima bila kupumzika.

"Shika huko mwisho kisiteleze," akamwambia mumewe. "Si hivyo. Vuta. Vuta, si kunyonga."

Daktari akavuta. Pini iliyosahaulika ikamwingia kidoleni, naye akatoa yowe ambalo lilifika mpaka kwa mwenye duka, ambaye alijishika shavu na kufarijika.

Basi na itangazwe sokoni na vibarazani, na wapewe habari wote wanaojenga minara kwa ajili ya washindi: kwamba siku ile, katika nyumba ile, jeshi la anga lilihama eneo lililolikalia, lote, na bunduki zake zote, bila kutimuliwa na jeshi jingine, kwa sababu mkuu wake alitazama chini akaona goti la gauni. Damu iliyomwagika ilikuwa tone moja. Lilidondokea pindo la pazia la tatu kutoka kushoto, na Mshonaji akalikunjia ndani.